Dubu wa Padre

Leo naanza kwa kuungama, ingawa gazeti si kiti cha kitubio.

Miaka kadhaa iliyopita, katika parokia niliyokuwa nikihudumu, mwalimu wa watoto wa Utoto Mtakatifu aliandaa somo la Daudi. Unakumbuka kijana yule, kabla ya kumkabili Goliathi, alivyomsimulia mfalme Sauli jinsi alivyomwokoa kondoo wa baba yake kinywani mwa simba na dubu (1 Samweli 17). Simba watoto wetu wanamjua. Dubu hakuna aliyewahi kumwona, maana mbuga zetu, pamoja na utajiri wake wote, hazina dubu. Mwalimu akaingia kwenye intaneti, akapata kiolezo: kichwa, tumbo, mikono na miguu, vyote vimechorwa kwa mstari mweusi kwenye karatasi moja, tayari kuchapishwa, kupakwa rangi, kukatwa na kuunganishwa kwa uzi ili viungo vicheze. Akatoa nakala, moja kwa kila mtoto.

Nilipita darasani baada ya Misa ya pili. Mtoto mmoja wa miaka kama sita alikuwa ametoa ulimi nje, anapambana na mkasi. Alipofika kwenye sikio mkasi ukaenda upande. Wazazi walikuwa wanangoja nje, na kazi zilikuwa zibandikwe ukutani waje wazione. Nikasema, “Lete nikusaidie, mwanangu.” Nikamkata dubu yule kwa kufuata mstari, nikalirekebisha na lile sikio, nikamrudishia. Akamtazama, kisha akaniambia kwa adabu kabisa, “Asante, Padre. Huyu ni wako.” Akaenda kumwomba mwalimu karatasi nyingine. Zilikuwa zimekwisha.

Nilicheka wakati ule. Usiku, nikiwa kwenye sala, sikucheka. Kwa nini nilimnyang'anya mkasi? Si kwa sababu alikuwa ameshindwa. Alikuwa bado anajaribu. Nilitaka ukuta wa parokia yangu upendeze. Nawe mama, nawe baba, unayemaliza kazi ya mikono ya mtoto saa nne za usiku ili kesho mwalimu aisifu, hebu jiulize sifa zile ni za nani.

Sina ugomvi na violezo hivi. Vinamsaidia mwalimu asiyejua kuchora, nao wako wengi, mimi nikiwa mmoja wao. Tena si lazima kuchapisha nakala sitini. Chapisha moja, ibandike kwenye boksi gumu kwa gundi ya uji wa ngano, ikate vizuri, kisha kila mtoto aizungushie penseli kwenye karatasi yake. Uso uache wazi, auchore mwenyewe. Wadogo kabisa, ambao mkasi bado unawashinda kwenye kona, wape kichwa cha duara tupu, au wachane karatasi kwa vidole. Dubu watatoka wengine wana huzuni, wengine wana meno. Na baada ya Misa, tafadhali, mhudumu asiwafagie pamoja na takataka wakati wenyewe wangali uwanjani wanaona.

Huyu dubu wa watoto ana ukoo wake. Mwaka 1902 Rais Theodore Roosevelt wa Marekani alikuwa mawindoni Mississippi, akaletewa dubu aliyefungwa mtini ampige risasi. Alikataa kumpiga. Mchora katuni Clifford Berryman akalichora tukio hilo gazetini, na huko Brooklyn muuza duka Morris Michtom akauza dubu wa kitambaa aliyepewa jina la utani la rais huyo, Teddy. (Mwaka 1909 Roosevelt alikuja kuwinda Afrika Mashariki, na simba wetu hawakupata huruma ile.)

Lakini sisi Wakatoliki tunaye dubu wa zamani zaidi. Inasimuliwa kwamba Mtakatifu Korbiniani, askofu wa Freising huko Bavaria katika karne ya 8, alikuwa safarini kwenda Roma dubu alipomuua mnyama aliyembebea mizigo. Mtakatifu akamwamuru dubu yuleyule aibebe. Akaibeba mpaka Roma, na huko akaachiwa huru. Joseph Ratzinger, aliyekuwa Askofu Mkuu wa München na Freising, alimweka dubu huyo kwenye ngao yake, na alipokuwa Papa Benedikto XVI mwaka 2005 hakumwondoa.

Kila ninapoisoma habari hii nakwama hapo hapo: aliyeharibu ndiye aliyekabidhiwa mzigo. Mtakatifu angeweza kuubeba mwenyewe, na pengine ungefika bila mikwaruzo. Sidhani dubu alikuwa mbebaji mzuri siku ya kwanza.

Mtoto yule hakuonekana Jumapili iliyofuata, wala iliyofuata hiyo. Kila alfajiri nilimkuta dubu wangu ndani ya kitabu cha sala, masikio yote mawili mazima. Jumapili ya tatu nikamwona mtoto amekaa na bibi yake. Baada ya Misa nikampelekea karatasi mpya na mkasi. Akavipokea kwa mikono miwili, akasogea mpaka mwisho wa benchi, mbali nami kidogo, ndipo akaanza kukata.