Majivu ya Maharagwe, Moshi wa Magunzi

Mavuno yakiisha, shamba la Kakamega hubaki na mabua, magunzi, maganda ya maharagwe na maganda ya ndizi. Mvua ya huku haikawii kurudi. Mabua yakilala kwenye udongo wenye unyevu, kuvu iitwayo Fusarium hujificha humo hadi msimu ujao, kisha huyavamia mahindi mapya yangali shambani na kuyaachia sumu ya fumonisini.

Masalio hayo hayo yakipita motoni, mambo hugeuka.

Fikiria mushereka, munyu wa kienyeji wa Waluhya. Maganda makavu ya maharagwe, au magunzi, huchomwa hadi yawe majivu. Majivu hutiwa kwenye chombo chenye matundu chini, maji yakamwagwa juu, na yale yanayodondoka huwa na rangi ya chai. Mpishi hutia kidogo tu kwenye mrenda au likhubi ili mboga ilainike. Ndani ya maji hayo mna kaboneti ya potasiamu, chumvi yenye alkali kali, na kuvu nyingi hustawi zaidi penye tindikali kidogo. Chumvi iliyo karibu nayo sana, baikaboneti ya potasiamu, huuzwa katika nchi nyingi kuwa dawa ya ubwiri unga kwenye mizabibu na matango. Hunyausha nyuzi za kuvu pamoja na mbegu zake. Mushereka, hata hivyo, haujapimwa kiwandani. Ukali wake hutegemea kilichochomwa na wingi wa maji, na ukizidi huunguza majani, kwa hiyo si wa kunyunyiza ovyo.

Moshi nao una kazi yake. Wazee walitundika mahindi ya mbegu juu ya meko: joto liliyakausha, moshi ukawafukuza fukusi ambao matundu yao huwa mlango wa ukungu. Siku hizi moshi huo waweza kunaswa. Magunzi huchomwa kwenye pipa lenye hewa haba, mvuke ukapitishwa kwenye bomba na kupoa, ukawa siki ya moshi, kimiminika cha kahawia ambacho wakulima wa Japani wamekitumia kwa miaka mingi. Huachwa kitulie ili lami itengane. Asidi ya siki na fenoli zilizomo hutoboa utando wa seli za kuvu, vilivyomo vikavuja.

Lakini sumu iliyokwisha kuingia kwenye punje haiondolewi kwa moshi, wala kwa kusonga ugali. Mwaka 2004 watu 317 waliugua kutokana na aflatoksini, sumu nyingine ya kuvu, nchini Kenya, wengi wao Makueni na Kitui, na 125 wakafariki. Ndiyo maana mahindi hutangulia kuanikwa kwenye turubai, mbali na udongo, mpaka unyevu ushuke hadi asilimia 13.5. Magunzi yatakayobaki baada ya kupukuchua ndiyo ya kupelekwa kwenye pipa.