Picha ya simu ndiyo sampuli ya mzigo: Programu za kumsaidia mkulima kuuza bila kudanganya

ZAMANI mnunuzi wa maharage au nyanya alilazimika kufika shambani ama sokoni, atie mkono ndani ya gunia, akague punje kwa macho yake, ndipo bei itajwe. Siku hizi biashara nyingi huanza kwa picha. Mkulima wa Ilula, mkoani Iringa, anaweza kupiga picha ya nyanya zake asubuhi, akaituma kwa mnunuzi aliyeko Dar es Salaam, na kabla ya jua kuzama wakawa wamekubaliana bei ya tenga.

Kwa hiyo picha imechukua nafasi ya sampuli. Ikiwa mbaya, mzigo mzuri huuzwa kwa bei ya kutupa. Ikiwa inapendeza kuliko mzigo wenyewe, lori hufika na ugomvi huanza.

Mwaka 1970 mchumi wa Marekani, George Akerlof, aliandika kuhusu soko la magari yaliyokwishatumika. Alionyesha kuwa mnunuzi asiyeweza kutofautisha gari zima na bovu hutoa bei ya chini kwa yote, na mwenye gari zima huona hana sababu ya kulipeleka sokoni. Kazi hiyo ilichangia kumpatia Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 2001, akishirikiana na wenzake wawili.

Hali hiyo haiko mbali na shamba. Chukulia mkulima ana matenga 40 ya nyanya, na mnunuzi asiye na hakika na ubora wake anakata Sh3,000 kwa kila tenga ili kujikinga. Mkulima anapoteza Sh120,000 kwa sababu tu hakuaminika. Picha nzuri ni njia mojawapo ya kuokoa fedha hizo.

Kupiga picha

Kazi ya kwanza haihitaji programu yoyote. Lenzi ifutwe kwa kitambaa laini, kwani simu ya mkulima hukaa mfukoni pamoja na vumbi na jasho. Mwanga wa asubuhi au wa kivulini ni bora kuliko jua la utosi. Badala ya kuvuta picha kwa vidole, ni afadhali kusogea karibu.

Mzigo mmoja unahitaji picha tatu: ya mzigo wote, ya katikati ya gunia au tenga, na ya karibu inayoonyesha punje au tunda. Sarafu ikiwekwa pembeni, mnunuzi hupata kipimo cha ukubwa wa kiazi au kitunguu. Kama mzigo umepimwa, mizani nayo ionekane, maana mnunuzi aliyewahi kuumizwa na vipimo haamini maneno matupu.

Kwa wenye simu za Android, programu ya Open Camera ni ya bure na ina faida moja kubwa kwa mfanyabiashara: inaweza kuandika tarehe, saa na mahali juu ya picha yenyewe. Mzigo uliopigwa picha ya namna hiyo kabla ya kupakiwa humpa mkulima pa kuanzia iwapo utaharibika njiani na kila mmoja akamtupia mwenzake lawama.

Kuhariri picha

Miongoni mwa programu za kuhariri, Snapseed inawafaa wengi. Imekuwa mali ya kampuni ya Google tangu mwaka 2012, ni ya bure, na ikishapakuliwa hufanya kazi bila kutumia bando. Mkulima anahitaji mambo matatu tu kati ya mengi yaliyomo: kukata pembeni visivyohitajika, kuongeza mwanga pale picha ilipotoka na giza, na kurekebisha rangi.

Rangi inahitaji uangalifu. Nyanya zilizopigwa picha chini ya turubai la bluu hubeba rangi ya turubai, na wekundu wake hufifia. Dawa yake ni kuweka karatasi nyeupe karibu na mzigo wakati wa kupiga. Wakati wa kuhariri, rangi irekebishwe mpaka karatasi ionekane nyeupe kama ilivyo, kisha isiguswe tena.

Hapo ndipo ulipo mpaka. Kurekebisha mwanga ni halali, kwa sababu kamera ndiyo iliyokosea. Kurekebisha bidhaa si halali. Snapseed ina kifaa cha kufuta madoa, na programu mpya zinazotumia akili mnemba zinaweza kumnenepesha ng'ombe aliyekonda au kujaza tenga lililopungua. Lakini doa la nyanya ni taarifa ambayo mnunuzi anailipia. Akifichwa, ataligundua wakati wa kushusha mzigo, naye mkulima akiwa mbali na nyumbani na nyanya zikiendelea kuiva, hana nguvu tena ya kubishana bei.

Sheria nayo haiko upande wa mdanganyifu. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa ya Tanzania, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo, na iliyouzwa kwa sampuli ilingane na sampuli.

Kutuma na kutangaza

WhatsApp hupunguza ukubwa wa picha ili itumwe kwa haraka. Hilo huokoa bando, lakini punje hupoteza uwazi. Tangu mwaka 2023 ipo nafasi ya kuchagua ubora wa juu kabla ya kutuma. Njia nyingine ni kuituma picha kama faili, ambapo hufika jinsi ilivyo.

Hata hivyo, tahadhari inahitajika. Picha inayotumwa kama faili inaweza kubeba ndani yake taarifa za mahali ilipopigwa. Kwa mfugaji anayeuza ng'ombe, hiyo ni sawa na kumwelekeza mwizi hadi zizini. Uwekaji wa mahali uzimwe kwenye kamera kabla ya kupiga picha za mifugo zitakazosambazwa kwa watu asiowajua.

Mwenye duka la pembejeo au muuza kuku anaweza kutumia WhatsApp Business, ambayo tangu mwaka 2019 ina orodha ya kuweka picha, bei na maelezo ya kila bidhaa. Kwa anayetaka kuandika bei juu ya picha au kutengeneza tangazo dogo, Canva ina sehemu ya bure inayotosha.

Picha si ya kuuza tu

Kamera hiyohiyo inaweza kuokoa zao kabla ya kufika sokoni. Programu ya Nuru, iliyotengenezwa na mradi wa PlantVillage wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, Marekani, kwa kushirikiana na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) na taasisi ya utafiti ya IITA, iliundwa kutambua kwa picha batobato na michirizi kahawia kwenye mihogo, pamoja na uharibifu wa viwavijeshi vamizi kwenye mahindi. Ilitengenezwa ili ifanye kazi hata pasipo na intaneti. Majibu yake yachukuliwe kama dokezo la kumpelekea bwana shamba au bibi shamba, si ruhusa ya kukimbilia dawa.

Kwa vyovyote vile, programu haziwezi kuwa bora kuliko nia ya anayezitumia. Mkulima anayetuma picha ya tenga zuri na kusema wazi kuwa matenga matano kati ya 40 ni ya daraja la pili, huenda akapata bei ndogo kwa hayo matano. Lakini 35 yaliyobaki yatalipwa kwa thamani yake, na msimu ujao mnunuzi yuleyule atapiga simu mwenyewe kuulizia mzigo.