Kupiga Kambi Katika Misitu ya Hifadhi: Malipo Yako, Haki Zako na Wajibu Wako

Mkazi wa Mabawa afunguapo bomba asubuhi, anakutana na msitu ambao pengine hajapata kuukanyaga. Maji ya Jiji la Tanga huchotwa katika bwawa la Mabayani, bwawa hilo hujazwa na Mto Zigi, na Mto Zigi hushuka kutoka katika misitu ya Usambara Mashariki. Kwa hiyo tunapozungumzia mapumziko ya msituni, hatuzungumzii anasa ya wageni kutoka ng'ambo peke yao. Tunazungumzia mali ya umma ambayo mwananchi ana haki ya kuifurahia, na ambayo ana sababu ya kuitunza.

Familia, vikundi vya vijana, shule na jumuiya za dini huchanga fedha, hukodi gari na kwenda kulala msituni siku mbili tatu. Baadhi yao hurudi na furaha. Wengine hurudi na malalamiko: walilipa mara mbili, walimlipa mtu asiyehusika, au walifika wakakuta huduma waliyoahidiwa haipo. Sehemu hii ya kijitabu tumeiandaa ili msomaji ajue mambo ya kuuliza kabla ya kutoa fedha yake, mambo ya kudai akiwa langoni, na mahali pa kwenda mambo yakiharibika.

Msitu huo ni wa nani?

Hili ndilo swali la kwanza, kwa kuwa jibu lake linaonyesha nani ana mamlaka ya kukutoza. Sheria ya Misitu Namba 14 ya mwaka 2002 inatambua misitu ya hifadhi ya taifa, misitu ya hifadhi ya serikali za mitaa, misitu ya vijiji na misitu ya watu binafsi. Misitu ya hifadhi ya taifa husimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, yaani TFS. Msitu wa kijiji uko chini ya serikali ya kijiji na kamati yake.

Miongoni mwa misitu ya taifa imo ile iliyopewa ulinzi wa juu zaidi, iitwayo hifadhi za mazingira asilia. Humo uvunaji wa mazao ya misitu hauruhusiwi, lakini utafiti, elimu na matembezi vinaruhusiwa. Mkoa wa Tanga una bahati ya kuwa na kadhaa: Amani, ambayo sehemu yake kubwa iko Muheza, Nilo, nayo ya Usambara Mashariki, na Magamba, juu ya mji wa Lushoto. Amani ndiyo ya kwanza nchini kupewa hadhi hiyo, mwaka 1997, na ina ukubwa wa takriban hekta 8,380. Ndani ya eneo hilo ipo bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902.

Msomaji asichanganye hifadhi hizi na hifadhi za taifa kama Saadani na Mkomazi, ambazo husimamiwa na Shirika la Hifadhi za Taifa, yaani TANAPA. Viwango vya ada, taratibu na stakabadhi za taasisi hizi mbili ni tofauti. Kibali cha moja hakikuruhusu kuingia kwa nyingine.

Unalipia nini?

Wageni wengi hudhani kwamba malipo ni moja. Kwa kawaida huwa ni kadhaa, na kila moja lina jina lake: ada ya kuingia, ada ya kupiga kambi, malipo ya mwongoza wageni, na pengine ada ya gari. Kukodi hema, kulala katika nyumba ya wageni, kuni na chakula ni mambo mengine tena. Anayetaka kupiga picha za biashara au filamu huhitaji kibali cha pekee.

Viwango hutofautiana kati ya raia wa Afrika Mashariki na wageni wengine, na kati ya watu wazima na watoto. Kwa sababu hiyo, beba kitambulisho cha taifa, na kwa wanafunzi barua ya shule. Viwango hubadilika, hivyo hatuviandiki hapa, bali tunakushauri uviombe katika ofisi ya hifadhi au ya TFS iliyo karibu, kwa maandishi, muda mfupi kabla ya safari.

Uliza pia namna ada inavyohesabiwa. Tuchukue kikundi cha watu 12 wanaokaa siku 3 na kulala usiku 2. Ikiwa ada ya kuingia huhesabiwa kwa mtu kwa kila siku, kikundi kitalipia viingilio 36. Na ikiwa ada ya kambi huhesabiwa kwa mtu kwa kila usiku, kitalipia malazi 24. Ikiwa siku huhesabiwa kwa saa 24 tangu kuingia, hesabu ya viingilio hupungua. Mchango ulioandaliwa bila kuuliza jambo hili huweza kuisha langoni, na wenzenu wengine wakashindwa kuingia.

Fedha inapitia njia gani?

Malipo kwa taasisi ya Serikali hufanywa kwa kumbukumbu namba ya malipo, ile ambayo wengi huiita kontroo namba. Namba hii kwa kawaida ina tarakimu 12 na huanza na 99. Hutolewa na ofisi husika, nawe hulipa kwa simu kupitia sehemu ya malipo ya Serikali, kwa benki au kwa wakala. Fedha huingia moja kwa moja katika akaunti ya Serikali wala haipiti mfukoni mwa mtu.

Kwa hiyo mtu anayekutaka utume ada ya hifadhi kwa namba yake ya simu hakupi huduma ya Serikali, hata akivaa sare. Mtu binafsi anaweza kukuuzia huduma yake mwenyewe, kama usafiri au upishi, na hapo una haki ya kudai stakabadhi ya mashine ya kielektroniki. Lakini ada ya hifadhi si yake kuipokea.

Tuchukue mfano. Vijana wa Mabawa wameona tangazo katika kundi la WhatsApp: siku tatu Amani, kila kitu kimo, bei nafuu kwa watakaolipa leo. Wanatuma fedha kwa jina la mtu. Siku ya safari wanapanda gari Kange, wanabadilisha Muheza, wanafika lango la Zigi jioni. Mlinzi anatafuta jina lao, halipo. Aliyepokea fedha hapokei simu. Sasa jua linakuchwa, mvua inanyesha, na kurudi Muheza kunataka gari jingine. Hasara yao haikuanzia langoni. Ilianza waliposhindwa kuuliza mambo matatu: leseni ya mwandaaji iko wapi, kumbukumbu namba ya ada ya hifadhi ni ipi, na ofisi ya hifadhi inawatambua au la. Simu moja kwa ofisi hiyo ingeokoa mchango wote.

Anayeuza safari za utalii anatakiwa na Sheria ya Utalii ya mwaka 2008 kuwa na leseni ya biashara hiyo, ambayo wengi huiita TALA. Kuomba kuiona si utovu wa adabu. Mfanyabiashara mwaminifu hufurahi kuulizwa.

Mambo ya kuandikiana kabla ya kulipa

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mwombe mwandaaji, au ofisi inayokupokea, akuandikie:

- tarehe, idadi ya watu na jina la eneo la kambi;
- kilichomo katika bei na kisichokuwamo, kimoja kimoja;
- kama kambi ina maji, choo, banda la kujikinga na mvua na mahali pa kupikia;
- kama hema na magodoro yapo au mtakuja navyo;
- fedha itarejeshwa au tarehe itabadilishwa iwapo mvua imekata barabara;
- jina na wadhifa wa mtu atakayewapokea.

Swali la mvua si dogo. Masika ya Machi hadi Mei na vuli za Oktoba hadi Desemba huzifanya barabara za milimani kuteleza, na njia ya kupanda kutoka Zigi kwenda Amani ni ya vumbi na kona nyingi. Anayekwenda miezi hiyo aulize hali ya barabara siku moja kabla ya kuondoka. Anayekwenda Magamba mwezi Juni hadi Agosti akumbuke kwamba baridi ya Lushoto si ya kulinganishwa na ya pwani. Hema jepesi na shuka moja havitamtosha.

Ukifika langoni

Jiandikishe katika kitabu cha wageni pamoja na wenzako wote, hata watoto. Kitabu hicho ndicho kitakachotumiwa kukutafuta ukipotea. Hakikisha stakabadhi inaonyesha idadi ya watu na siku zilizolipiwa, kisha uitunze hadi utakapotoka. Uliza mwongoza wageni aliyetambuliwa na hifadhi, na mpatane kuhusu njia, muda na malipo kabla ya kuanza kutembea. Umzawadie ukipenda, lakini takrima si sharti la huduma uliyokwisha kulipia.

Kagua kambi kabla ya kushusha mizigo. Ukikuta maji hayapo ilhali uliahidiwa, lalamika papo hapo na upige picha. Lalamiko la siku hiyo huwa na nguvu kuliko la wiki inayofuata.

Wajibu wa mpiga kambi

Haki hutembea pamoja na wajibu, na katika msitu wajibu huo una sheria nyuma yake.

Moto ni jambo la kwanza. Uwashwe tu mahali palipotengwa, usiachwe peke yake, na uzimwe kwa maji hadi majivu yapoe mkononi. Kufukia makaa kwa udongo si kuzima. Usikate kuni, nunua zilizoruhusiwa au uje na jiko la gesi.

La pili ni mimea. Usambara ni asili ya ua dogo la zambarau ambalo dunia nzima hulipanda vyunguni dirishani, likiitwa Saintpaulia kwa jina la ofisa wa Kijerumani Walter von Saint Paul-Illaire, aliyelikusanya Tanga mwaka 1892. Duniani linauzwa madukani. Porini lina makazi machache tu, kwenye miamba yenye unyevu na kivuli. Kung'oa mche mmoja kwa ajili ya bustani ya nyumbani ni kosa, na mara nyingi mche wenyewe hufa katika joto la pwani.

La tatu ni taka na maji. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni 2019. Beba kikapu au mfuko mbadala. Takataka zote zirudi nawe. Usioshe vyombo wala kufua ndani ya kijito: chota maji, sogea mbali, kisha umwage machafu kwenye udongo. Kijito hicho kinaelekea Zigi, Zigi inaelekea Mabayani, na Mabayani ndiko yanakotoka maji ya bomba lako.

Kwa usalama wako, lala ndani ya chandarua, vaa viatu vilivyofunika kidole, piga tochi kabla ya kukanyaga usiku, na usiache njia bila mwongozaji. Chakula kifungwe vizuri, kwani nyani na kima hawaombi ruhusa.

Mambo yakiharibika

Anza na msimamizi wa hifadhi, ukiwa na stakabadhi, ujumbe wa simu na picha. Mengi humalizika hapo. Lisipokwisha, andika barua kwa ofisi ya TFS, ukitaja tarehe, kiasi ulicholipa na unachotaka kifanyike.

Ikiwa mfanyabiashara amekupotosha kuhusu bei au huduma, peleka lalamiko kwa Tume ya Ushindani, ambayo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 imeipa jukumu la kumlinda mlaji dhidi ya udanganyifu wa kibiashara. Ikiwa umetapeliwa kwa simu, toa taarifa polisi na utume namba ya tapeli kwenda 15040. Ukiombwa rushwa ili upewe huduma uliyolipia, piga simu bila malipo TAKUKURU kwa namba 113.

Tunawasihi wasomaji wasikae kimya kwa aibu ya kudanganywa. Anayenyamaza humwachia tapeli kundi linalofuata. Na anayelipa kwa njia sahihi, akapiga kambi kwa adabu na kudai alichoahidiwa, huutunza msitu kama vile mlinzi aliye langoni.