Rovu na Chumvi ya Jikoni

Katika mwili wa mwanadamu zimo tezi zitoazo homoni na kuzitia katika damu. Homoni ni kama tarishi: husafiri na damu mpaka kwenye viungo, na kuvipa amri ya kazi.

Mojawapo ni tezi ya shingo, iliyo mbele ya koo, chini ya kikoromeo. Kwa mtu mzima uzito wake ni gramu 20 hivi tu, lakini homoni zake huongoza mapigo ya moyo, joto la mwili na ukuaji wa mtoto. Ili izitengeneze, tezi hiyo yahitaji iodini, madini yaliyomo katika samaki wa baharini, lakini ambayo mara nyingi ni haba katika udongo wa milimani, kwa kuwa mvua huyachukua.

Iodini ikipungua, homoni nazo hupungua. Ndipo tezi nyingine, iliyo chini ya ubongo, hupeleka amri baada ya amri. Tezi ya shingo hujitahidi, na kwa kujitahidi huvimba. Hilo ndilo rovu.

Hatari iliyo kubwa zaidi ni kwa mama mjamzito. Akikosa sana iodini, ubongo wa mtoto aliye tumboni hudumaa, na hasara hiyo haiponi.

Kinga yake ni rahisi. Uswisi ilianza kutia iodini katika chumvi mwaka 1922, na nchi nyingi zikafuata. Basi yafaa mnunuzi asome pakiti ahakikishe kuwa chumvi ina iodini, kisha aiweke katika chombo chenye kifuniko, mbali na jua na unyevu.