Tawi la mshipa wa moyo likibana baada ya stenti

KAMEMBE, Rwanda

Kabla jua halijapanda juu ya Ziwa Kivu, wafanyabiashara wa Kamembe huwa wameshashika njia ya kuelekea mpaka wa Rusizi ya Kwanza, wengine na nyanya, wengine na vifurushi vya nguo. Ng'ambo ni Bukavu. Jioni hurudi na mizigo, na vilima vya huku havimhurumii mtu.

Kwa aliyewekewa stenti kwenye moyo, kilima ni kipimo. Alitoka hospitali akiwa hana maumivu. Miezi kadhaa baadaye, akipanda na mzigo, kifua kinabana tena. Hofu ya kwanza ni kwamba chuma kimeziba. Huenda chuma ni kizima, na tatizo liko pembeni yake.

Stenti ni kibomba cha wavu wa chuma. Daktari hupitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa mkono au wa paja hadi moyoni, hutanua kwa puto sehemu iliyobanwa na mafuta, kisha huacha stenti ishikilie ukuta wa mshipa. Andreas Grüntzig alikuwa wa kwanza kutumia puto hivyo, mjini Zurich mwaka 1977. Stenti ya kwanza moyoni iliwekwa Ufaransa mwaka 1986.

Mishipa inayolisha moyo ina matawi, na mafuta hupenda kujikusanya kwenye njia panda. Kati ya wagonjwa 100 wanaozibuliwa mishipa, takriban 15 hadi 20 tatizo lao liko hapo. Stenti ikiwekwa kwenye mshipa mkuu hupita mbele ya mdomo wa tawi. Inapotanuka, husukuma ukuta au mafuta upande wa tawi, na mdomo hubana. Baadaye kovu pia linaweza kuota hapo.

Lakini si kila tawi linaloonekana limebana lina shida. Mwaka 2005, Bon-Kwon Koo na wenzake wa Korea Kusini walitoa matokeo ya kupima msukumo wa damu katika matawi 94 yaliyopitiwa na stenti. Kwenye picha, 73 yalionekana kubana kwa asilimia 75 au zaidi. Kati ya hayo, 20 tu ndiyo yaliyokuwa yamepungukiwa damu kwa kiwango cha kutia wasiwasi.

Ndiyo maana madaktari wengi huanza na stenti moja. Tawi likipungukiwa damu kweli, hutanuliwa kwa puto, mara nyingi puto mbili kwa pamoja, moja katika kila mshipa. Stenti ya pili huja pale inapolazimu.

Hatari kubwa zaidi ni kuacha dawa. Aspirini na klopidogreli huzuia damu isigande juu ya chuma. Ikiganda, mshipa huziba ghafla na mtu anaweza kufa. Mara nyingi dawa hizo mbili hutumika pamoja miezi 6, au 12 kwa aliyepata shambulio la moyo, kisha moja huendelea. Daktari ndiye anayepanga muda, na kujisikia nafuu si ruhusa ya kuziacha.

Kwa anayevuka mpaka, dawa zikae mfukoni na si ndani ya mzigo, na zizidi siku za safari, kwa kuwa mpaka unaweza kumchelewesha. Abebe pia nakala ya cheti cha hospitali kinachoonyesha tarehe na mshipa uliowekewa stenti. Daktari wa Bukavu au Bujumbura hawezi kukisia. Kabla ya kung'olewa jino, aseme anatumia dawa hizo.

Maumivu mapya yanayokuja kwenye mlima na kuisha kwa kupumzika yanahitaji daktari bila kungoja siku ya soko ipite. Yakija mtu akiwa ametulia, au yakikataa kuisha, hasa kwa jasho na pumzi fupi, hiyo ni dharura: nchini Rwanda gari la wagonjwa huitwa kwa namba 912.

Kamembe kuna Hospitali ya Gihundwe, mahali pa kuanzia. Matibabu makubwa ya moyo yako mbali zaidi: Hospitali ya King Faisal mjini Kigali, au Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2015. Atakayefika huko na cheti chake mkononi atawapunguzia madaktari kazi ya kuanza upya.