Parafujo Iliyolika Kichwa



Kijana wa mwanachama wetu mmoja yuko kazini Sumbawanga, katika nyanda za juu za Ufipa, baina ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa. Ametuuliza afanyeje: parafujo ya kompyuta yake ya mkononi imelika kichwa, na bisibisi yazunguka bure. Kwa kuwa hesabu za karafuu zetu nazo zimo katika chombo cha namna hiyo, twamjibu mbele ya wote.

Parafujo za kichwa cha msalaba, ambazo Henry F. Phillips wa Marekani alipewa hataza zake mwaka 1936, zataka bisibisi ya kipimo chake barabara. Ikiwa ndogo, au ikishikwa upande, huteleza na kuula msalaba. Parafujo za kompyuta ni nyembamba, nyingi milimita 2 au 2.5, na baadhi hutiwa gundi zisilegee.

Kama kompyuta bado yawaka, kwanza nakilini hesabu kwenye flashi. Kisha fuateni hatua hizi:

1. Izimeni, ondoeni waya wa umeme, na betri pia ikiwa yatoka kwa nje.

2. Tafuteni bisibisi ya nyota inayokaa sawasawa. Ikandamizeni wima, mzungushe polepole kuelekea kushoto.

3. Ikiteleza, wekeni kipande cha mpira wa kufungia noti juu ya kichwa, mkandamize tena.

4. Ikikataa, gusisheni ncha ya chuma cha kulehemu waya juu ya kichwa kwa sekunde chache, gundi ilainike. Msithubutu karibu na betri, yaweza kulipuka.

5. Kichwa kikichomoza, kishikeni kwa koleo ndogo.

Kuchonga mfuo wa bisibisi bapa, au kutoboa kwa keekee, ni kazi ya fundi. Unga wa chuma ukianguka ndani huunganisha umeme pasipotakiwa.

Wazee wa Ufipa waliyeyusha chuma katika tanuri ndefu ziitwazo malungu, kisha wakakisafisha katika tanuri ndogo, kintengwe, ndipo mhunzi akagonga. Hawakuruka hatua, nasi tusiruke.

Parafujo mpya iwe na urefu ule ule. Ikizidi, yaweza kutoboa vilivyomo ndani, na hasara ikawa kubwa kuliko ya kwanza.

Katibu wa Chama