Uhalisia na Uzamaji katika Michezo ya Video yenye Masimulizi: Ufafanuzi kutoka Vibanda vya Gemu vya Morogoro Mjini

1.0 Utangulizi

Katika mitaa ya Morogoro Mjini, neno "gemu" halimaanishi kwanza kifaa kilichomo sebuleni mwa mtu. Linamaanisha kibanda: chumba chenye mabenchi, runinga mbili tatu, mashine za PlayStation za matoleo yaliyopita, na kijana anayepokea fedha na kusimamia zamu. Mpira wa miguu ndio unaotawala humo, kwa kuwa mechi moja huisha ndani ya dakika chache na aliyefungwa humpisha anayefuata. Hata hivyo, katika vibanda hivyo hivyo huchezwa pia michezo yenye masimulizi marefu, iliyoundwa ili mtu mmoja aicheze peke yake kwa makumi ya saa, tena katika lugha ambayo wengi wa waliomo hawaifuati sawasawa.

Makala haya yanahusu michezo ya aina hiyo. Yanafafanua dhana mbili zinazotajwa mara nyingi pamoja, yaani uhalisia na uzamaji, na kuonesha kwamba uhusiano wake si ule unaodhaniwa. Hoja inayotetewa ni kwamba kufanana kwa picha na ulimwengu tunaouona hakutoshi kueleza kwa nini mchezaji huzama katika kisa. Kinachomzamisha ni namna ulimwengu wa mchezo unavyoyawajibisha matendo yake, na namna maneno ya kisa yanavyomfikia, yawe yanatoka katika mashine au katika kinywa cha mtu aliyeketi kando yake. Sehemu hii ya pili ya hoja imepewa uzito mdogo katika nadharia, na ndiyo itakayotuchukua muda mrefu zaidi.

2.0 Uhalisia wa sura na uhalisia wa hali

Galloway (2004) alitenganisha mambo mawili ambayo matangazo ya biashara huyachanganya. La kwanza ni ufanani wa picha: ngozi inayotoa jasho, majani yanayotikiswa na upepo, kivuli kinachofuata jua. La pili ni uhalisia wa kijamii, ambao hupatikana pale tu ambapo hali inayosimuliwa katika mchezo inaoana na hali anamoishi mchezaji. Kwa mtazamo huo, mchezo wa vita uliotengenezwa Damascus na mwingine uliotengenezwa na jeshi la Marekani vinaweza kulingana kwa sura na kanuni, lakini kimoja kikawa halisi kwa kijana fulani na kingine kisiwe hivyo.

Kwa mhakiki wa fasihi ya Kiswahili, tofauti hii si ngeni. Shaaban Robert alipotoa Kusadikika mwaka 1951, aliwapa wasomaji nchi inayoelea angani, isiyoweza kuoneshwa katika ramani yoyote, kisha akaiita kwa jina lenye maana ya kuaminika. Hakuna aliyehitaji kuamini kuwa nchi inaweza kuelea. Kilichoaminika ni Karama aliyeshtakiwa kwa sababu alitaka watu waijue sheria, na wajumbe waliotumwa mbali kwa manufaa ya nchi wakarudi na kuadhibiwa. Sura ya nchi ni ya kubuni kabisa, ilhali hali yake ni ya duniani. Anayeielewa Kusadikika kwa namna hii amekwisha kuielewa nusu ya nadharia ya Galloway kabla ya kuisoma.

Mfano unaofaa kutoka vibandani ni Grand Theft Auto: San Andreas, uliotolewa mwaka 2004 kwa ajili ya PlayStation 2. Kwa macho ya leo picha zake ni duni: vidole vya watu vimeshikana, nyuso hazina mikunjo, miti huchomoza ghafla gari linapoikaribia. Kisa chake kinaanza pale Carl Johnson anaporejea katika mji wa Los Santos kwa sababu mama yake ameuawa. Kabla hajafika nyumbani, askari wanasimamisha teksi yake, wanachukua fedha zake, wanamwambia kuwa wanaweza kumhusisha na mauaji ya askari mwenzao, kisha wanamshusha katika mtaa wa mahasimu wake.

Mwandishi wa makala haya aliwahi kuketi katika benchi la kibanda kimoja mjini hapa sehemu hiyo ilipokuwa ikichezwa. Aliyeshika pedi alikuwa mtoto wa shule ya msingi. Nyuma yake alisimama kijana mkubwa kidogo, ambaye alimfupishia kisa chote kwa sentensi moja: "Mama yake kafa, kaja kuzika, polisi wanambambikia kesi." Benchi zima lilielewa. Neno "kubambikia" halimo katika mazungumzo ya Kiingereza ya mchezo huo, wala hakuna neno la Kiingereza linalobeba uzito wake wote kama linavyosikika Tanzania. Hata hivyo neno hilo, zaidi ya barabara za Los Santos, ndilo lililomfanya Carl Johnson awe mtu halisi mbele ya hadhira ile. Uhalisia wa kijamii anaouzungumzia Galloway ulikuwapo, lakini haukutoka katika diski peke yake. Uliongezewa pale pale, kwa mdomo.

3.0 Uzamaji wa mtu mmoja na uzamaji wa benchi

Murray (1997) anaeleza uzamaji kwa sitiari ya maji: mtu anapoingia katika kisa ni kama anapojitosa baharini au katika bwawa, akahisi amezungukwa pande zote na kitu kilicho tofauti na hewa. Anakataa pia wazo la zamani kwamba msomaji anaahirisha tu kutoamini kwake, na kusema kuwa mshiriki huunda imani kwa bidii. Ermi na Mäyrä (2005), waliozungumza na watoto wachezaji na wazazi wao nchini Ufini, waligawa uzamaji katika aina tatu: wa hisi, unaotokana na picha na sauti, wa changamoto, unaotokana na ugumu unaolingana na uwezo wa mchezaji, na wa fikra, unaotokana na kisa na wahusika.

Mgawanyo huu ni wa manufaa, na utafiti mwingi uliofuata umeutegemea. Lakini katika maelezo hayo yote anayezama ni mtu mmoja. Watu wengine waliomo chumbani, kama wapo, huonekana kuwa usumbufu unaomtoa ndani ya maji. (Sitiari yenyewe ni ya watu wa pwani. Morogoro huitwa mji kasoro bahari, na watoto wa hapa hujifunza kuoga mtoni wakiwa kundi.)

Fasihi simulizi inatupa mfano mwingine. Fanani anapoita "hadithi, hadithi", hadhira huitika "hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea". Wasikilizaji wanautaja uongo kwa jina lake na kuukaribisha. Hawalaghaiwi, wala hawasahau kuwa wameketi uani. Mwitikio wao, vicheko vyao na maswali yao katikati ya ngano ndivyo vinavyokifanya kisa kikolee. Ikiwa Murray anasema kweli kwamba imani huundwa kwa bidii, basi hapa bidii hiyo imegawanywa kwa watu wengi.

Kati ya uani na kibanda cha gemu kuna kituo kimoja ambacho watafiti wa filamu wamekwisha kukichunguza, nacho ni kibanda umiza. Katika vibanda hivyo vya kuoneshea video, na baadaye katika kanda na diski, Watanzania walizitazama filamu za kigeni zikiwa na sauti ya msimulizi wa Kiswahili juu yake. Derek Gasper Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, alipata umaarufu mkubwa kwa kazi hiyo. Msimulizi wa aina yake hakufasiri mazungumzo peke yake. Alieleza desturi, alitabiri hatari, aliwapa wahusika tabia wanazozijua wasikilizaji. Yule kijana aliyesimama nyuma ya benchi hakubuni jambo jipya. Alifanya kazi ya Lufufu, bila malipo, akimhudumia mchezaji mmoja na watazamaji sita.

Ipo tofauti moja, hata hivyo, na ina uzito. Filamu husonga mbele yenyewe. Mchezo humsubiri mchezaji, na kibandani kusubiri hulipiwa. Anayelipia muda hawezi kutembea taratibu jangwani akitazama machweo, ingawa waundaji walitumia miaka wakiyachora machweo hayo. Huruka mazungumzo kwa kubonyeza kitufe ili afikie mapambano. Siku inayofuata hukuta kazi yake imefutwa na mchezaji mwingine aliyehifadhi juu yake. Mtafiti anayetumia hojaji za uzamaji zilizoandaliwa kwa wachezaji wa majumbani atahitimisha kwamba kijana huyu hakuzama katika kisa. Angalau kwa wachezaji wa aina hii, hitimisho hilo litakuwa limepima muundo wa malipo na kuuita upungufu wa fikra. Mwulize kijana huyo huyo kisa cha Carl Johnson, naye atakusimulia chote, pamoja na sehemu ambazo hajawahi kuzicheza.

4.0 Matendo na matokeo yake

Uhalisia wa sura una kazi yake, ila kazi hiyo hukamilika pale unapobeba matokeo. Red Dead Redemption 2 (2018) ni miongoni mwa michezo iliyochorwa kwa uangalifu mkubwa: ndevu za mhusika hukua, bunduki huchafuka, farasi huchoka. Lakini jambo linalokumbukwa na waliomaliza kisa chake ni ugonjwa. Arthur Morgan, jambazi wa mwaka 1899, anatumwa kudai deni kwa mkulima mgonjwa. Anampiga, naye mkulima anamkoholea usoni. Sura kadhaa baadaye Arthur anaanguka barabarani, na daktari anamwambia ana kifua kikuu. Mchezaji mwenyewe ndiye aliyebonyeza kitufe cha kupiga. Kuanzia hapo mwili anaouongoza unakonda na nguvu zake zinapungua, na hakuna ustadi wa vidole utakaomponya. Hadhira inayoijua kifua kikuu kwa jina na kwa kikohozi chake haihitaji Kiingereza kingi ili ione kilichotendeka.

Kinyume chake ndicho alichokilalamikia Hocking mwaka 2007 alipoandika kuhusu BioShock: kisa kinasema jambo moja, kanuni za mchezo zinamtuza mchezaji kwa kutenda jingine. Red Dead Redemption 2 wenyewe hauepuki kasoro hii. Arthur anayejutia damu ya mtu mmoja huua makumi katika kazi inayofuata, na mchezo haushtuki. Picha hazikubadilika hata kidogo kati ya matukio hayo mawili, lakini imani ilipungua.

5.0 Mchezo unaozungumza Kiswahili

Tarehe 23 Aprili 2024 ulitolewa Tales of Kenzera: ZAU, kazi ya studio ya Surgent iliyoanzishwa na Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya. Salim aliuunda kutokana na msiba wa baba yake. Mhusika wake, Zau, ni nganga kijana anayefanya mapatano na Kalunga, mungu wa mauti: amletee roho tatu kubwa, naye baba yake arudishwe. Mchezo haujaribu kufanana na picha ya kamera. Mhusika hukimbia na kuruka kutoka upande mmoja wa runinga hadi mwingine, katika rangi ambazo hazipo katika mlima wowote. Mchezaji anaweza kuchagua kusikia sauti za wahusika kwa Kiswahili.

Kwa hoja ya makala haya, chaguo hilo la sauti ni tukio kubwa kuliko maendeleo yoyote ya picha katika muongo uliotangulia. Mchezaji wa Morogoro anayesikia mtoto akimlilia baba kwa lugha yake hahitaji mtu wa kusimama nyuma ya benchi ili kumfasiria. Linabaki swali ambalo nadharia ya mchezaji mmoja haiwezi hata kuliuliza: je, benchi litanyamaza? Uzoefu wa ngano unaashiria kwamba halitanyamaza, maana ngano nazo zilisimuliwa kwa lugha iliyoeleweka na wote, na bado wasikilizaji waliitika. Kitakachobadilika ni kazi ya mwitikio: badala ya kufasiri maneno, benchi litabishana na Zau kama ni haki mtu kumdai marehemu kwa mauti.

Swali hilo haliwezi kujibiwa kwa sasa katika vibanda vingi vya mjini. Zau ulitolewa kwa ajili ya kompyuta, Nintendo Switch, Xbox Series na PlayStation 5. Haukutolewa kwa PlayStation 4, wala kwa mashine zilizotangulia, ambazo ndizo zilizofungwa kwa minyororo chini ya runinga za vibandani.